Gari Lililokula Cherehani

Mideva alijua mahali gari huanzia kuzeeka. Wengine hufungua boneti wakaitegea injini sikio, wengine huinama kusaka kutu chini ya milango, na wasiojua kitu hupiga gurudumu teke wakatikisa kichwa. Mideva alitazama kiti. Alikuwa ameshona viti vya magari kwa miaka kumi na saba katika kibanda cha mabati nyuma ya First Avenue, Eastleigh, na kwa muda huo wote hakutokea gari la kumdanganya.

"Gari hushuka ngazi nne," alizoea kuwaambia waliotaka kusikia na wasiotaka. "Mwenyewe wa kwanza anakuja kwangu akitaka ngozi halisi, hata bei haulizi. Wa pili anataka plastiki inayofanana na ngozi. Wa tatu anataka kiraka, tena anakuomba ukiweke pasipoonekana. Wa nne haji. Huyo anatandika taulo, anakalia. Gari likifika kwa taulo limefika sakafuni, haliwezi kushuka tena. Hapo ndipo mwenye akili ananunua. Kabla ya hapo mnanunua majivuno ya watu."

Wateja walicheka. Mumewe, Luseno, hakucheka. Luseno alikuwa mmoja wa hao wanaonunua majivuno ya watu, ila alikuwa bado hajapata la kununua.

Cherehani ilikuwa ya Mideva mwenyewe. Haikuwa kama zile za kushonea sare za shule. Ilikuwa ya chuma kizito, ya kutoboa ngozi tabaka tatu, na miguu yake ilifungwa kwa nati kwenye saruji ya sakafu. Aliinunua kutoka kwa fundi mzee aliyekuwa akirudi kwao, wakati ana mimba ya bintiye Asenath, na aliilipia kwa kula mboga bila nyama miaka miwili. Shule hakuiona, baba yake huko Maragoli alisomesha wavulana tu. Lakini akikalia kigoda chake mbele ya mashine ile, hakuna aliyemuuliza alifika darasa la ngapi.

Mwaka wa tisini na moja likaja gari la spoti. Lilikuwa jekundu, limelala chini, lenye milango miwili na viti viwili tu, na pua ndefu kama ya mtu anayenusa moshi wa jirani. Mwenyewe alikuwa wakili wa upande wa pili wa mji, na alitaka ngozi ya rangi ya chai ya maziwa. Mideva alilishona kwa siku tatu. Siku ya tatu, Jumamosi, Luseno alitoka kiwandani Baba Dogo adhuhuri akampitia mkewe waende nyumbani Mowlem. Alipoliona gari alilizunguka mara tatu kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mama Asenath, hii ikiuzwa utaniambia?"

"Nitakuambia ikifika taulo."

"Taulo ni miaka mingi."

"Basi ngoja miaka mingi. Unakimbilia wapi?"

Tangu siku hiyo Luseno hakuwa tena mtu wa kukaa kitako. Alikuwa akila amesimama. Alikuwa akienda dirishani, anarudi, anaenda tena, kama mtu aliyeitwa na hakumbuki aliitwa na nani. Mwaka uliofuata kiwanda kikapunguza watu, naye akawa katika waliopunguzwa. Akapewa malipo yake ya kuachishwa kazi, na wiki hiyo hiyo akasikia kwamba wakili anauza.

"Bado liko kwa ngozi," Mideva akamwambia. "Ngozi yenyewe nimeishona mimi, haijapata hata ufa. Utalinunua juu, halafu litashuka na wewe ndani."

"Nitalikodisha kwa harusi. Jumamosi ziko ngapi kwa mwaka? Watu wa Eastlands wamechoka kupeleka bibi harusi kwa gari la kubebea viazi."

"Na pesa zako zinatosha?"

"Zitatosha."

Hazikutosha. Mwezi huo mama yake Mideva akafa, na Mideva akaenda Maragoli kuzika. Alikaa siku kumi na tatu. Aliporudi alipitia kibandani kabla hata ya kufika nyumbani, maana alikuwa ameahidi viti vya basi la kanisa. Alikuta nati nne zimechomoza kwenye saruji, na juu yake hakuna kitu.

Munyoki, Mkamba wa kibanda cha pili, alikuwa akipiga randa fremu ya kiti. Zamani alichonga vinyago, akaacha watalii walipopungua. Alimwona Mideva amesimama juu ya zile nati, akaendelea kupiga randa bila kumtazama usoni.

"Alikuja na mkokoteni na watu wawili," akasema hatimaye. "Nilidhani mmekubaliana. Alisema mnanunua ya umeme."

Huko Mowlem, gari jekundu lilikuwa limeegeshwa mbele ya ploti walikopanga, na watoto wa ploti nzima walikuwa wameshalibatiza jina. Walikuwa wakiliita Kiatu, kwa vile lilivyolala. Luseno aliliegemea amevaa shati jipya.

"Umeuza mashine yangu nikimzika mama."

"Yetu, Mama Asenath."

"Ilikuwa yetu lini? Ulishawahi kuitia mafuta hata tone?"

"Usinipigie kelele mbele ya watu. Subiri Agosti, subiri Desemba. Utanunua mashine tatu na uajiri watu."

Mideva alikuwa bado na mkoba wa safari begani. Alitazama ndani ya gari kupitia kioo. Mshono wake ulikuwa pale, ulionyooka, wa rangi ya chai ya maziwa.

Harusi ya kwanza ilikuwa ya binti wa mzee Nabiswa, huko Umoja. Luseno alilifunga gari riboni nyeupe, akavaa tai, akapiga honi mlangoni mpaka mbwa wakabweka. Bibi harusi akatolewa na vigelegele, amevaa gauni ambalo kuku na vifaranga wake wote wangeweza kujificha chini yake. Nyuma yake akatoka shangazi yake, Nangila, mama mnene mwenye mkoba mweusi, na aliposhuka ngazi ya mwisho akasimama.

"Mimi nakaa wapi?"

"Shangazi, hii ni ya watu wawili," Luseno akamjibu kwa heshima zote. "Ni mimi na bibi harusi."

"Wewe na nani?"

"Na bibi harusi."

Nangila akawageukia watu. "Mmesikia? Mtoto wetu atoke kwa baba yake peke yake na mwanamume ambaye hatujui hata babu yake alizikwa wapi. Bila shangazi ubavuni! Kijana, hii si gari ya harusi. Hii ni gari ya kutoroshea."

Watu walicheka mpaka mzee Nabiswa akakaa chini. Luseno akaapa kwamba atampeleka moja kwa moja kanisani, akatoa hata kitambulisho. Haikufaa kitu. Mwishowe Nangila, kwa kuwa gari lilikuwa limelipiwa na hakutaka kilicholipiwa kipotee bure, akaingia yeye na mkoba wake, na bibi harusi akaenda kanisani nyuma ya pikapu pamoja na kreti za soda. Kufika Jumatatu, habari hiyo ilikuwa imetembea ploti kwa ploti. Waluhya walisema mashangazi watagoma. Wakamba walipoulizwa wakasema na wao wana mashangazi. Wa harusi ya pili walituma mtu kudai rubuni yao.

Luseno, mtu aliyeishi miaka ishirini Eastlands, aliyecheza ngoma katika harusi mia, hakukumbuka shangazi. Mideva alingoja mumewe ajicheke walau kidogo. Luseno hakujicheka. Alilaumu ushamba wa watu. Na kwa kuwa gari la viti viwili halikai na kiti kimoja kitupu, kabla ya mwaka kwisha kiti cha pili kilikuwa kimepata mwenyewe: Triza, mwuza chakula wa Lucky Summer, mwenye kicheko kirefu na kibanda kidogo. Asubuhi moja Luseno alipakia masanduku mawili, akashindwa kufunga buti, akaondoka buti likiwa limefungwa kwa kamba. Kamba yenyewe alikuwa ameikata kwenye ile ya kuanikia nguo.

Tangu hapo Mideva alishona kwa mashine ya Munyoki, aliyokuwa nayo ya kushonea makochi, na nusu ya malipo ya kila kiti ikabaki kwa Munyoki. Munyoki hakuwa mtu mbaya. Lakini mashine ya mtu ni ya mtu. Akitaka kuondoka mapema, anaifunika. Akija mjomba wake kutoka Machakos, mjomba anakalia kigoda. Mideva alipoingia katika miaka ya arobaini alikuwa anaanza kila siku kwa kungoja, na kungoja hakukuwa kwenye damu yake. Akiwa kanisani mguu wake wa kulia ulikanyaga hewa chini ya benchi. Akiwa anasonga ugali alitazama mlango. Asenath, ambaye sasa alikuwa ameolewa, alimwambia, "Mama, kaa chini hata siku moja," naye akamjibu, "Nikae juu ya nini?"

Alikuwa na jambo moja tu kichwani. Alitaka mashine tena, ya kwake, kwenye zile nati nne. Na mashine ya namna ile ilikuwa imepanda bei kila mwaka, wakati gari lililoila lilikuwa likishuka. Akaanza kulifuata lile gari kwa masikio. Wateja walimletea habari bila kujua wanaleta nini. Limeonekana Kariobangi limewashwa kwa kusukumwa. Limegongwa taa. Halafu magari kuukuu ya Japani yakaanza kuingia nchini yakipitia Dubai, yakaja kama nzige, na kila mwenye gari la zamani akaamka akakuta ana kitu cha bei ya jana. Luseno akaliuza lake kwa Nzivo, karani mmoja wa Umoja. Akapokea pesa, akampa kitabu cha gari, na alipoombwa atie sahihi kwenye fomu ya kuhamisha jina akasema kesho. Kesho yake akasema aongezwe kidogo. Akaongezwa, akasema aongezwe tena. Nzivo akachoka, akalitupa kwa bei ya hasara kwa Makokha, mwenye yadi ya magari pale Eastleigh. Makokha naye akamtafuta Luseno, akaombwa aongeze, akatukana, akaondoka.

Basi gari likakaa yadini. Kila aliyelipenda aliuliza kitabu kina jina la nani. Akiambiwa, alirudisha mikono mfukoni.

Jumapili Mideva akitoka kanisani alipita nje ya yadi, polepole, kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Jumapili moja ya mwaka wa tisini na sita akaingia, akasogeza uso kwenye kioo cha dereva. Kitini palikuwa pametandikwa taulo la buluu, limechakaa katikati.

Alikwenda moja kwa moja kwa Munyoki, ambaye Jumapili alikuwa akinywa chai nje ya kibanda.

"Limefika taulo."

"Lini?"

"Sijui lini, lakini limefika. Injini na gia nimeambiwa ni nzima, ni taa tu. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ni mwezi huu. Nikilinunua nikalishona upya kwa ngozi, kuna vijana wa mji wenye kazi nzuri, hawataki haya ya Dubai yanayofanana kama mayai. Hao ndio wataninunulia mashine."

Munyoki akamwaga makapi ya chai. "Bila sahihi ya mzee wako hao vijana hawatashika hata mlango. Utakuwa umenunua banda la kuku."

"Najua."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo utaninunulia fomu kwa wale makarani wa kando ya njia, unijazie namba ya gari na jina langu. Kesho naenda Lucky Summer."

Hakwenda kesho. Alikwenda baada ya siku nne, na katika siku hizo nne alivunja sindano tatu za Munyoki.

Nyumba ya Triza ilikuwa chumba na kibanda mbele. Mideva alikuwa amejitayarisha kwa mambo mengi, lakini hakujitayarisha kwa utupu. Kibandani palikuwa na sufuria mbili na jiko. Pembeni palikuwa na mraba msafi sakafuni, mahali kitu kikubwa kilikuwa kimekaa muda mrefu kikaondolewa. Triza, aliyekuwa amekonda, alimtazama kutoka kitambaa cha kichwa mpaka viatu.

"Wewe ni Mama Asenath."

"Ndimi."

"Umekuja kunipiga ama umekuja kumchukua? Kama ni kupiga, niache niipue maharagwe kwanza."

"Nimekuja kwa sahihi."

Luseno alikuwa ndani, amelala kwenye benchi amevaa soksi, anasikiliza redio. Alipomwona mkewe aliinuka upesi, akatengeneza ukosi. Bado alikuwa mtanashati. Hilo lilimkera Mideva kuliko yote.

"Mama Asenath! Umenenepa. Karibu, karibu. Triza, si uweke chai."

"Weka wewe," Triza akasema mlangoni.

Mideva akaiweka fomu mezani. Hakuzunguka. Alisema anataka kulinunua lile gari, kwa hiyo anataka Luseno atie sahihi mahali pa muuzaji, basi.

Luseno akaishika fomu, akaisoma yote, taratibu, mpaka mgongo. Alipomaliza uso wake ulikuwa na mwanga.

"Unaona? Unaona Mungu? Mimi nilikuwa nafikiria kurudi nyumbani, na nyumbani kumekuja kunitafuta. Nitatia sahihi. Tutalitengeneza, mimi na wewe. Nitaliendesha mwenyewe. Jumamosi..."

"Nataka kununua mashine. Ile yangu uliyoiuza."

"Mashine gani?"

Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

"Cherehani," Mideva akasema.

"Aa, ile!" Luseno akacheka kidogo, kama mtu aliyekumbushwa mbuzi aliyekufa zamani. "Si ilikuwa imezeeka? Mimi nilikuokoa na ule mzigo. Sikiliza. Natia sahihi na ninarudi Mowlem. Hilo ndilo neno langu. Bila hilo, kalamu yangu haina wino."

Mideva alikuwa ameketi kwa sekunde chache tu; akasimama. Alienda dirishani, akarudi. Akaona wazi vitu viwili vilivyokuwa mbele yake. Akikubali, atapata mashine, na siku yoyote akienda kuzika mtu atakuta nati tupu tena. Akikataa, atashona kwenye kigoda cha Munyoki mpaka macho yafe. Akanyoosha mkono aichukue fomu yake aende zake.

Triza akaudaka ule mkono.

"Ngoja, mama. Usiende. Mchukue! Mchukue tafadhali, nitakupa na blanketi yake. Huyu bei imeshuka, siku hizi anaenda bure."

"Triza!" Luseno akasema.

"Nyamaza wewe. Mama, unaona hapo?" Akaonyesha ule mraba msafi sakafuni. "Hapo palikuwa friji yangu ya soda. Nilikuwa mtu mimi, watu wa Baba Dogo walikuwa wanakuja kunywa baridi kwangu. Gia ya hiyo Kiatu iliharibika, nikatoka kwenda sokoni, nikarudi nikakuta maji sakafuni pahali friji ilikuwa. Akaniambia tutanunua mbili."

"Mimi aliniambia tatu," Mideva akasema.

Walitazamana. Mideva hakumpenda zaidi kwa hilo. Miaka minne alikuwa amemtukana mwanamke huyu akifua, akipika, akisali. Hakuwa tayari kuyaacha matusi yake kwa sababu ya friji.

"Atatia sahihi," Triza akasema, "na hatakwenda kwako. Lakini nusu ni yangu."

"Nusu ya nini? Ya jasho langu la chama?"

"Chama chako utatoa kwanza, kizima. Kinachobaki tunagawana katikati. Ile gia iliyo ndani ni friji yangu, mama. Gari bila gia utauza?"

Mideva alitoka nje. Alisimama kando ya mtaro wa maji machafu, akatembea mpaka mwisho wa safu ya nyumba, akarudi, akaenda tena. Watu waliokuwa wakiteka maji bombani walimtazama. Kumpa Luseno nusu ya maisha yake kulikuwa kumekwisha kutokea. Kumpa Triza nusu ya chochote, kwa hiari yake mwenyewe, mchana, hilo lilimchoma kooni kama mfupa wa samaki. Lakini alijua kutazama kiti, na alikuwa amemwona Triza: mshono mzuri, kitambaa kimetumika vibaya na mtu mwingine.

Akarudi ndani. "Haya. Nusu ya kinachobaki."

Triza akamgeukia Luseno. "Chumba nalipa mimi. Shati hilo nimenunua mimi. Weka sahihi, ama uvue."

"Nyinyi mmekula njama."

"Bado hatujala. Weka sahihi."

Luseno alisema mengi, juu ya heshima ya mwanamume na laana ya wanawake wa mjini, huku akifungua kalamu. Na alipoanza kuandika aliandika vizuri, kwa mikunjo na mkia mrefu chini, kama waziri. Akainua fomu aitazame. "Na mimi je? Hamnipi kitu?"

Triza alicheka kile kicheko chake kirefu. Mideva alikuwa ameshafika mlangoni.

Jumatatu walikwenda yadini wote wawili, kwa sababu Triza hakumwamini. Mideva aliificha fomu kifuani, ndani ya leso iliyofungwa fundo.

"Makokha anauza gari lisilo na sahihi," akamwambia Triza njiani. "Akijua sahihi ipo, hapo hapo anauza gari lingine. Ukifungua mdomo pale, tumekwisha."

"Mimi? Mimi sisemi hata amina."

Makokha aliwaona tangu mbali. "Mathe, niaje! Leo si Jumapili. Umechoka kuangalia kwa nje?"

"Nataka viti," Mideva akasema.

"Viti vya?"

"Vya hiki Kiatu chenu. Mimi ni mshonaji. Fremu zake ni nzuri, chuma cha zamani. Na mwili wake nina mtu wa vyuma chakavu."

"Wacha mchezo. Hiyo ni gari ya spoti, mathe. Huwezi kununua spoti kama mtu ananunua sufuria."

"Weka sahihi ya mwenyewe nikulipe bei ya spoti."

Makokha akajikuna shingo. "Mwenyewe ni mtu wa ajabu. Lakini nafikiria nimwendee mara moja tena. Nikimpelekea kitu kizuri, atalainika."

"Huyo? Huyo hata ukimpelekea..." Triza akaanza, na Mideva akamkanyaga kidole kwa kisigino. Triza akakohoa, akakohoa tena, machozi yakamtoka.

"Ni mdogo wangu," Mideva akasema. "Ana kifua. Haya mwendee. Mimi ningoje mwaka mwingine, na mvua ikinyesha ndani ya hicho kioo chako kilichopasuka nitakupa nusu ya ninayokupa leo."

Akageuka. Alipiga hatua saba, na kila hatua fomu ilikuwa ikimkwaruza kifuani. Ya nane, Makokha akaita.

Walivutana mpaka jua likapanda juu ya mabati. Makokha alishuka, Mideva akapanda kidogo ili mwenzake aone ameshinda. Walipokubaliana, Mideva akaomba na kitabu cha gari, akisema polisi wakimkuta analikokota bila karatasi watamwita mwizi. Makokha akamrushia. Kitabu kisicho na sahihi kilimfaa nini?

Pikapu ya Munyoki ililikokota mpaka nyuma ya kibanda. Wiki tatu Mideva alilishona, kwa ngozi, na kijana mmoja wa kwao Triza alitengeneza taa. Makokha alikuja siku moja, akaonyeshwa fomu yenye sahihi, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mathe, ulinifunga macho."

"Bei ulitaja mwenyewe. Mimi nilikuwa naondoka."

Gari lilikwenda kwa kijana mmoja wa matangazo ya redio, aliyelizunguka mara tatu. Mideva hakumwonea huruma. Pesa zilitosha kurudisha chama na kununua mashine nzito, iliyotumika, yenye meno mazuri. Hazikutosha kununua mashine na kumlipa Triza. Kwa hiyo nusu ya Triza ikaingia kwenye mashine, na kila Jumamosi Triza alikuja Eastleigh kuchukua fungu lake la wiki. Mara ya kwanza alisimama nje. Mara ya tatu aliketi. Baada ya mwezi alikuwa anakuja na maharagwe kwenye kikombe cha bati, anaongea toka anaingia mpaka anatoka, anauliza bei kwa wateja, anamwambia Munyoki kwamba fremu yake imepinda. Luseno, walisikia, alikuwa Kayole kwa mama mmoja mwenye duka, na alikuwa akizungumza habari za pikipiki kubwa.

Mideva alitaka mashine ya kwake peke yake. Alikuwa ameilipia mara mbili na bado nusu yake ilikuwa imeketi pale mlangoni, inacheka.

Jumamosi moja mteja mgeni alimwelekezea Triza kidevu. "Huyu ni nani wako, mama?"

Mideva alikata uzi kwa meno. "Ni mke mwenza," akasema. "Mume hatuna."

Triza alicheka mpaka akashika nguzo. Mideva hakucheka. Alimwambia ashike upande wa pili wa ngozi auvute, kwa nguvu, usije ukashonwa kombo.